Kipa wa Shangazi

Shangazi yangu ni fundi cherehani. Kila akimaliza kushona sare za shule anacheza mpira kwenye mashine ya michezo ya zamani. Mchezo wenyewe ni mbovu kupindukia: kipindi cha pili kikianza, kipa wake anawapa mgongo wachezaji na kuutazama wavu, basi mabao yanaingia kama yanaingia kwao. Miaka kumi na tisa Shangazi anamfokea: "Geuka, we mzembe! Huko nyuma umeona nini?" Hageuki. Shangazi anafungwa tisa bila, anazima, anarudi kwenye cherehani roho imemtulia.

Mimi na kiherehere changu, nikaurekebisha mchezo kwenye kompyuta yangu, nikaurudisha kwenye mashine. Jumamosi mchana kipa akageuka, akadaka kila kitu. Shangazi akashinda mbili bila.

"Nani kakutuma?" akanifokea. "Sasa nimgombeze nani humu ndani?"

Akaangaza macho chumbani, yakatua kwa mumewe, aliyekuwa dirishani ametupa mgongo.

"Na wewe! Huko nje umeona nini?"

Mzee akageuka upesi, akaninong'oneza: "Mwanangu, mharibu tena yule kipa. Sasa hivi."