Mkoba Mezani Kyoto

Kyoto ilinichosha kwa sababu sikuacha kugeuka nyuma. Ofisi yangu ya Marshalltown, Johannesburg, ilikuwa imenituma Osaka kwa mafunzo, mke wangu akachukua likizo tukaenda wote, na Jumamosi tukapanda treni kwenda kuona mahekalu. Watalii wenzetu walitazama bustani na mapaa ya kale. Mimi nilitazama mikono ya watu. Simu nilikuwa nimeificha soksini, begi nimelivaa kifuani. Mke wangu akaniuliza nimebeba mtoto wa nani.

Nilikuwa na sababu. Tangu mke wangu aelekezewe bastola mchana kweupe, hatua chache kutoka ofisini kwangu, hakuwahi kutoka peke yake. Hata spaza, kile kiduka kilicho chini ya jengo letu kule Berea tulikwenda wawili kununua maziwa. Daktari alisema atapona taratibu. Yeye aliamini kuna kitu ndani yake kimekatika, na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa nimeanza kuamini hivyo pia.

Alasiri tuliingia mgahawa wa chai uliojaa watu. Nikaenda kunawa uso, yeye akabaki kutafuta meza. Nilipotoka msalani niliuona mkoba wake juu ya meza tupu, zipu wazi, pasipoti zetu zikichungulia. Mwenyewe hayupo.

Kwetu Johannesburg, mkoba ulioachwa hivyo unamaanisha mwenyewe kapatwa na jambo. Nikaunyakua, nikaukumbatia, nikaanza kumwita kwa sauti kubwa. Mgahawa mzima ukanigeukia.

Akatokea kwenye foleni ya kaunta, sinia mkononi.

"Eish, mzee, rudisha mkoba. Hapa ndivyo wanavyoshika meza. Angalia."

Niliangalia. Meza ya jirani ilikuwa na simu, nyingine pochi, na wenyewe walikuwa kwenye foleni, wananishangaa.

"Na pasipoti zote ndani?"

"Niliuacha makusudi. Nilitaka kujua kama naweza kuupa mgongo." Akanimiminia chai. Hakumwaga hata tone. "Nimeweza. Kumbe mimi ni mzima. Shida ni kule tunakoishi."

Nilifurahi, nikaurudisha mkoba mezani. Kisha akaniuliza, kwa upole kabisa, sasa tunarudi kufanya nini. Ndege yetu ya kurudi ilikuwa Jumatatu.