Kama Bado Jipya, Mbona Unaliuza?

Jua halijatoka sawasawa, na Fundi Viti tayari ana kitambaa mkononi. Analifuta gari dogo jeupe lililoegeshwa mbele ya nyumba yake, anaanza na paa, anashuka kwenye milango, anamalizia na vioo vya pembeni. Akifika kwenye matairi anapiga magoti na kuchokoa vijiwe kwa msumari, ingawa gari lenyewe haliendi popote.

"Usije ukaandika kwamba nalipenda," anamwambia mwandishi wa gazeti hili bila kugeuka. "Hili gari nimelichoka mpaka basi. Nalifuta kwa sababu nikiacha siku moja tu, mteja atasema limedoda."

Barazani, mkewe anapanga vitana na nywele za kuongezea kwenye beseni. Yeye ni msusi. Mteja wake akikaa kwenye kiti cha kusukwa, magoti yanakaribia kugusa bampa. Asubuhi hii hasemi na mumewe. Anasema na gari: analiuliza kama limelala salama, kama linajisikia vizuri, kama liletewe chai au lisubiri kwanza.

Ana sababu. Gari limesimama juu ya msingi wa chumba. Ukiinama unauona, mstari wa tofali uliochomoza ardhini na kuzunguka matairi yote manne. Hapo ndipo ilipokuwa isimame saluni yake, yenye kioo kikubwa, mlango wa kufunga na paa la kuwakinga wateja na mvua. Fedha ya kupandisha kuta ilikuwapo. Ikanunua gari.

"Chumba changu ndicho hicho," anasema, akionyesha kwa kitana. "Kina matairi."

Fundi Viti ameshona viti vya magari kwa zaidi ya miaka ishirini, katika kibanda cha hatua chache kutoka hapo, chenye cherehani moja na benchi la wateja. Kazi inamlisha, haimnenepeshi. Mwezi ukiwa mzuri anavalisha magari sita au saba, na akishalipia ngozi bandia, sponji na pango, kinachobaki kinatosha chakula na ada za watoto wawili.

Kwa miaka yote hiyo amekuwa akiwatazama madalali wanaopita mbele ya kibanda chake. Hawabebi hata bisibisi. Wanapiga simu mbili, wanacheka na mtu, gari linauzwa, na jioni wanaondoka na fedha ambayo yeye anaitafuta kwa miezi. Jambo hilo lilimkaa kooni.

Siku moja akaletewa gari jeupe kushonewa viti. Lilikuwa limetoka dukani wiki chache tu, na viti vyake bado vilikuwa vimefunikwa nailoni. Kabla fundi hajamaliza kupima, mwenye gari akapata kazi ya mbali, kazi yenye gari la ofisi, akasema anataka kuliuza hili haraka, hata kwa kupunguza moja ya tano ya bei ya dukani.

Fundi akapiga hesabu palepale, chaki mkononi. Alinunue kwa bei hiyo, aliuze kwa kupunguza moja ya kumi tu, na tofauti itakuwa kazi ya miezi minane ya cherehani. Akauza kiwanja alichokuwa nacho pembeni ya mji, akakomba akiba, na bado pakapelea. Pengo likazibwa na fedha ya chumba cha mkewe. Akamwahidi kwamba mvua hazitamkuta barazani.

"Nilijiona mjanja kuliko mtaa mzima," anasema. "Nililala nikicheka."

Mvua zilikuja, zikaenda, na sasa zinakaribia tena.

Alichosahau kujiuliza ni kitu ambacho hata mtoto angeuliza: mnunuzi wa gari la namna hii ni nani? Mwenye fedha ya gari jipya anakwenda dukani, anapewa dhamana, anapigwa picha na funguo. Mwenye fedha ya gari lililotumika anataka bei ya gari lililotumika, na mikwaruzo haimtishi. Katikati ya hao wawili yupo Fundi Viti na kitambaa chake.

Hata hivyo wateja walikuja, na wote walifanya yaleyale. Walizunguka, wakapiga teke tairi, wakafungua boneti, wakatingisha kichwa kwa kuridhika. Kisha wakasimama, wakamtazama usoni, wakauliza swali ambalo sasa fundi analisikia hata usingizini: kama bado jipya, mbona unaliuza?

Mwanzoni alijibu ukweli, kwamba alilinunua ili apate faida kidogo. Wakakunja uso kana kwamba amewatukana, wakataka faida hiyo waondoke nayo wao. Akabadilisha, akasema ana shida ya fedha. Hao wakakata bei mpaka akaona aibu kuwapa maji ya kunywa. Mara moja alisema anahamia nje ya nchi, na jirani aliyekuwa akipita akauliza kwa mshangao wa kweli, anahamia wapi mtu ambaye hata kwa wakwe zake hafiki.

"Nikisema kweli, mimi ni dalali. Nikisema uongo, mimi ni tapeli. Nikinyamaza, ndiyo kabisa, wanasema lina jambo," anasema. "Sasa niambie wewe uliyesoma, nijibu nini?"

Hasubiri jibu, anahamia kwenye boneti.

Kadi ya gari nayo haikumsaidia. Ina majina mawili, la mwenye gari wa kwanza na la kwake, yamefuatana kwa karibu mno. Mteja mmoja aliisoma, akairudisha kwa ncha za vidole, akasema gari ambalo watu wawili wamelikimbia haraka hivyo, yeye hawezi kuwa wa tatu.

Hapa sasa inafika sehemu ambayo mtu anashindwa kumhurumia fundi huyu, hata kama ana moyo laini.

Hakuitoa nailoni kwenye viti. Aliiona kuwa ndiyo hati yake ya upya, akakataza mtu yeyote kuigusa. Watoto wake hawajawahi kukaa ndani ya gari hilo. Dada wa mkewe alipoolewa, familia nzima ilikwenda harusini kwa basi, wamevaa nguo zao za thamani, gari limebaki nyumbani ili kilomita zisipande. Msusi alifika na gauni lililokanyagwa na abiria. Tangu siku hiyo mtaa ukamwita mumewe Nailoni, na wapo wanaodhani ndilo jina alilopewa na mama yake.

Na huyu ni fundi wa viti. Kila mteja aliyewahi kukalia benchi lake amesomewa somo lilelile: toa nailoni mapema, kiti kinatoka jasho chini yake, kitaoza. Ameliimba somo hilo kwa miaka ishirini. Gari lilipokuwa lake, likamtoka kichwani.

Akapatikana mteja wa maana, aliyekuwa tayari kulipa bei iliyokaribia ile aliyoiota. Sharti lake lilikuwa dogo, nailoni itolewe avione viti vyenyewe. Fundi akaivuta. Ilikuwa imeganda kwa jua la miezi yote ile, ikatoka vipande vipande kama ganda la yai lililochemshwa vibaya. Chini yake kulikuwa na madoa meusi ya ukungu na harufu ya nguo zilizosahauliwa kwenye ndoo. Mteja akafunga mlango taratibu, akaaga kwa adabu.

"Angenitukana ningepata nafuu," fundi anasema. "Adabu yake ndiyo iliyoniua."

Akavua viti vyote, akavipeleka kibandani, akavishona upya kwa ngozi bandia ya kijivu yenye mshono wa mara mbili. Wanaoijua kazi yake wanasema hajawahi kushona vizuri kama hivyo. Akavirudisha kwenye gari, akasubiri. Wateja walipokuja, swali la kwanza likawa limepata mwenzake: mbona viti vimebadilishwa? Liliingia maji? Kuna mtu alifia humu?

Anapolisimulia hilo, fundi anaacha kufuta na kukaa juu ya tofali za msingi, mikono juu ya magoti. Anasema siku ile alitaka kulia. Maisha yake yote ameshona viti ili watu waone gari limetunzwa, na leo viti vizuri vimekuwa ushahidi dhidi yake.

Saa nne hivi anafika nesi mmoja kusukwa. Anakaa kwenye kiti, magoti yanakutana na bampa. Msusi anaanza kugawa nywele. Usukaji ni kazi ndefu, na mtu anayesukwa hana pa kutazama ila mbele. Mbele kuna gari. Mwishowe nesi anauliza, kwa kupitisha muda tu, kama gari ni lao. Anaambiwa linauzwa. Naye anauliza lile swali.

Fundi, ambaye alikuwa ameinama kwenye tairi la nyuma, anafumba macho.

"Dada yangu, nitakwambia," msusi anasema, na vidole vyake haviachi kusuka. "Linauzwa kwa sababu mume wangu aliona madalali wanakula, akataka na yeye ale. Alinunua kwa fedha ya chumba changu, na kwenye chumba changu ndipo liliposimama. Viti vilioza kwa nailoni aliyokataa kuitoa, akavishona upya. Betri inakufa kwa sababu gari haliendeshwi, kila wiki anaomba ya jirani. Hapo chini ya mlango wa kushoto kuna mkwaruzo, ni baiskeli ya mwanangu, baba yake bado haujui. Sasa umeujua wewe na yeye. Halina ugonjwa mwingine. Lina mwenyewe tu."

Fundi anasimama, anazunguka kwenda mlango wa kushoto, anainama. Anaupapasa mkwaruzo kwa kidole. Anapoinuka, uso wake ni wa mtu aliyesikia siri zake zikitangazwa sokoni na muuzaji ni mkewe.

Nesi anautazama mlango huo. Kisha anasema jambo ambalo halikutarajiwa na yeyote pale barazani. Anasema anatafuta gari tangu mwaka jana, kwa sababu zamu zake zinaisha wakati mabasi yamekwisha. Ameonyeshwa magari mengi, na yote yalikuwa hayana kasoro hata moja. "Leo ndiyo mara ya kwanza naambiwa ubaya wa gari kabla sijauliza," anasema. "Huyu naweza kununua kwake."

Hakusema "kwenu." Alisema kwake, akimwelekezea msusi kichwa kilichosukwa nusu.

Jumamosi iliyofuata alirudi na kaka yake, ambaye ni dereva wa malori. Kaka mtu alilala chini ya gari, akatoka na mgongo mweupe wa vumbi, akaliendesha mpaka barabara kuu na kurudi, akasema ni zima. Fundi alitaka kuanza maneno ya bei. Mkewe akamwomba akalete maji ya kunywa. Aliporudi na bilauri, bei ilikuwa imeshakubaliwa.

Ilikuwa ileile aliyonunulia. Ukiondoa bima, gharama za kubadilisha kadi mara mbili, ngozi ya viti na betri mpya waliyokubaliana kuiweka, fundi amekula hasara ya karibu miezi mitatu ya cherehani. Kiwanja alichouza kimepanda bei, na hilo hataki kabisa lizungumzwe. Fedha ya chumba msusi aliipokea mwenyewe, akaifunga kwenye ncha ya kanga kabla mtu hajapata wazo lingine.

Nesi akapewa funguo. Akiwa ameketi nyuma ya usukani, akamuuliza msusi anaelekea wapi. Msusi akasema anakwenda duka la vifaa vya ujenzi kuulizia saruji. Akaambiwa apande.

Ndipo watu waliokuwapo wakagundua kwamba huyu mama hajawahi kulipanda gari lile. Lilikaa mlangoni kwake zaidi ya mwaka, akaliandama kwa maneno kila asubuhi, na hakuwahi kukalia kiti chake. Alifungua mlango wa mbele, akakusanya kanga yake, akaingia. Fundi alifungua mdomo kusema jambo kuhusu viatu vyake vyenye vumbi, akaufumba. Gari likaondoka. Yeye akabaki amesimama katikati ya msingi, kitambaa begani, hana cha kufuta.

Mwandishi alipopita hapo mara ya mwisho, kuta za saluni zilikuwa zimefika usawa wa kiuno. Fundi alikuwa kibandani kwake, anashona kiti cha saluni cha kuzunguka, kazi ambayo mteja wake amemwambia wazi kwamba hatailipia.

Je, kununua gari karibu jipya na kuliuza kwa faida kunalipa? Alicheka bila furaha, akauma uzi.

"Kunamlipa dalali, kwa sababu yeye halinunui," alisema. "Kuna mmoja kanipigia juzi, eti kuna gari jingine, bado liko kwenye nailoni. Nikakata simu. Nikijaliwa nitanunua gari, lakini la kupanda. Hata likiwa limechoka. Watoto walichafue, mama yao nimpeleke kwa dada yake na gauni lake zima."

Mkewe, alipoelezwa mpango huo, alisema aanze na bati la paa. Kisha akaulizwa alijisikiaje siku ile alipopanda. Alitazama kwanza upande wa kibandani, kulikokuwa kunasikika cherehani, akapunguza sauti.

"Vile viti kavishona vizuri sana," alisema. "Nilikaa nikatamani tusifike. Lakini mimi simwambii. Mwache asome gazetini."