Nchi ya Wirandi na Watu Wake Wawili

Enzi zetu lugha haikuokotwa stendi ya basi. Nawasikia vijana ninaowapa kazi kwenye malori yangu wakirushiana maneno yao ya Nairobi, neno moja la Kizungu limekatwa kichwa, jingine la bara limekatwa mkia, halafu wananitazama kana kwamba wao ndio wa kwanza duniani kuficha mazungumzo. Huwa nawacheka. Nawaambia, nyinyi mmetunga maneno tu. Mimi, niliyeishia darasa la nne, nilitunga lugha nzima yenye sarufi yake na nchi yake, kabla sijatimiza miaka kumi na mmoja. Wananiona mzee anajisifu. Najisifu kweli, nani wa kunizuia? Lakini wenzangu mliokulia Kisauni wakati ule wa vita, mliokula ugali wa unga wa manjano mpaka mkauchukia, nyinyi mtanielewa.

Tulikaa Junda, sehemu ya chini inayoelekea mikokoni. Nyumba za makuti, mashamba ya mihogo, na tope jeusi maji yakipwa. Siku hizo kila mtu alikuwa safarini. Askari walipita, meli zilipiga honi Kilindini tukazisikia hadi huku kwetu, na baba zetu walivuka daraja la kuelea la Nyali alfajiri kwenda kupakua makasha. Mjomba wangu alipelekwa Burma. Sisi watoto tulibaki tukizunguka kama kuku aliyefungwa mguu. Tulicheza mdako tukachoka, tukacheza goli tukagombana, tukala mabuyu mpaka ulimi ukawa mwekundu, na bado miguu ilitaka kwenda mahali. Mimi mpaka leo siwezi kukaa kwenye kiti nusu saa. Mke wangu husema nitakufa nimesimama.

Kadzo alikuwa binti wa huyo mjomba aliyekwenda vitani. Mama yake alikuwa amefariki, kwa hiyo alilelewa na nyanya yetu, mama wa mama yangu, nyumba ya pili kutoka kwetu. Alikuwa mwembamba, mkaidi, na hakupenda kushindwa. Siku moja maji yamekupwa, tumesimama topeni tukitazama kaa, nikamwambia kwamba mikoko ile ina watu wanaotoka maji yakienda na kurudi chini maji yakija. Akaniuliza, "Wanasema lugha gani?"

Nikasema, "Kiswahili."

"Kiswahili kimefikaje huko chini, Karisa? Kwa mashua ya nani?"

Hapo ndipo Kiwirandi kilipozaliwa. Nchi niliipa jina mimi. Maneno mengi niliyatoa mimi, na msije mkasikia hadithi nyingine. Lakini sarufi, nikisema kweli, ilikuwa ya Kadzo. Alisema watu wa Wirandi hawafungi midomo kabisa, maana waliozoea kuishi ndani ya maji wakifunga midomo hukosa pumzi. Kwa hiyo hakuna M, hakuna B wala P. Jaribuni kusema siku nzima bila kukutanisha midomo, ndipo mtajua tulivyoteseka. Maji tukayaita hilu. Kaa akawa tero, na wakiwa wengi unalivuta neno mpaka pumzi ikuishie, terooo, kwa hiyo kusema habari za kaa wengi kulitaka mapafu. Jana na kesho hazikuwepo. Kulikuwa na maji kupwa na maji kujaa basi. Kinachokwenda kilianza na o, kinachokuja kilianza na i. Oyaga, ameondoka. Iyaga, anakuja. Na mtendaji alikaa mwisho wa sentensi, kwa sababu Kadzo alisema mtu mwenye adabu hajitangulizi. Hilo lilinichoma, nikajua ananisema mimi.

Tulilamba chumvi ya topeni tukaapa. Atakayemfundisha mtu wa tatu atafukuzwa Wirandi asirudi. Tukaitumia mwaka mzima: sokoni, kanisani, shambani, hata darasani chini ya pua ya mwalimu, ambaye alitukataza Kigiriama lakini hakujua akataze nini alipoisikia ile. Nyanya alikuwa akisema, "Hawa watoto wanabwata kama ndege," akaendelea kukuna nazi.

Halafu ikaja masika, na Kadzo akashikwa na homa. Siku ya kwanza alitapika. Siku ya pili jasho lilikuwa likipita kwenye mkeka. Na homa ilipompanda, Kiswahili kikamtoka kichwani, akabaki na Kiwirandi peke yake.

Nyinyi mnajua Pwani yetu. Mgonjwa akisema lugha isiyojulikana, hakuna anayesema ni homa. Pepo anajulikana kwa lugha yake. Majirani walijaa chumbani, kila mmoja na sikio lake. Bi Riziki, jirani yetu wa upande wa kisimani, alisema ni pepo wa Kihabeshi, alishawahi kumsikia mmoja Mtopanga. Mwenzake akasema, "Mhabeshi gani asiyekohoa? Huyo ni Msomali." Nyanya akakata shauri aitwe mganga.

Mganga alikuwa mama mnene mwenye sauti ya upole. Alimfukiza Kadzo udi, akamwamkia mgeni, yaani pepo, kwa Kiarabu, kwa Kidigo, kwa lugha nyingine mbili. Kadzo akanung'unika tu, "Hilu inyaku Kadzo."

Nami nilikuwa mlangoni. Nikasema bila kufikiri, "Anataka kunywa maji."

Vichwa vyote viligeuka. Nawaambieni, katika maisha yangu nimenunua lori la kwanza, la pili, hadi la saba, lakini sijawahi kutazamwa vile. Mganga akanivuta karibu. "Unamsikia, mwanangu?"

"Namsikia."

"Muulize anaitwa nani na anataka nini."

Ningesema ukweli hapo, habari ingeisha. Lakini kulikuwa na kiapo, na kulikuwa na zile nyuso. Nikauliza kwa Kiwirandi maneno yasiyo na maana, nikatega sikio, nikawaambia mgeni ni binti wa mfalme wa Wirandi, anataka leso nyekundu na halua. Halua ikaletwa. Mkalimani ana fungu lake, nikala. Siku mbili nilikaa kichwani pa Kadzo nikitafsiri kama karani wa mahakamani, na Kadzo akizidi kukonda mbele yangu.

Baba yangu alikuwa mtu wa kanisa, hakutaka uganga. Lakini ile ilikuwa nyumba ya mkwewe. Kwetu mwanamume haingii chumba alimo mama mkwe, wala hambishii. Alikaa nje kwenye gogo akichonga kijiti, akikimaliza anachonga kingine. Alimwambia mama, "Mwambie mama yako kisiwani kuna hospitali." Mama akaingia, akasema. Nyanya akajibu, "Hospitali inajua lugha ya mgeni?" Mama akatoka na jibu hilo. Baba akaokota kijiti kingine.

Siku ya tatu, alasiri, Kadzo alifumbua macho akanitazama. Akaniuliza kwa Kiwirandi mimi ni nani.

Nikadhani anacheza. Nikamtajia jina langu. Akauliza tena, kwa sauti ndogo, kama mtu anayemwuliza mpita njia. Shingo yake ilikuwa imekakamaa. Nyuma yangu mganga akasema, "Amesema nini?" na wanawake wote wakasogea karibu.

Nikasema, "Hakuna mgeni. Ni Kadzo anaumwa. Lugha tumeitunga sisi wawili."

Nilitegemea kupigwa. Badala yake Bi Riziki akajishika kifua, akasema, "Pepo amehamia kwa huyu." Na mganga, Mungu amrehemu, akanigeuzia mimi chetezo cha udi. Nikapaliwa, nikakohoa, na Bi Riziki akasema, "Mnaona? Anakohoa. Si niliwaambia ni Mhabeshi?" Nililia na kuapa, na kadiri nilivyoapa ndivyo walivyozidi kuamini kwamba nami ni mgonjwa.

Ilibaki njia moja. Nikamshika mama yangu mkono, nikamkalisha karibu na mkeka, nikaanza kumfundisha. Mama, maji ni hilu. Sema. Akasema. Kinachokuja anza na i. Kunywa ni nyaku. Mtendaji mwisho. Usifunge midomo, mama, acha wazi hivi. Alilia huku akijifunza, na wanawake wengine, bila kutaka, midomo yao ikawa wazi ikimfuata. Kisha mama akamwinamia Kadzo akasema mwenyewe, polepole, "Hilu inyaku Kadzo?"

Kadzo akaitikia kwa kichwa, akafungua kinywa apewe maji.

Chumba kizima kilisikia. Hakuna lugha ya pepo ambayo mama wa nyumbani huijua kwa dakika kumi. Mganga alizima udi wake kwa vidole, akasema kwa upole, "Mpelekeni kwa wenzangu wa sindano." Nyanya akasimama, akaelekea mlangoni, akaugeukia ukuta ili asionane na mkwewe, akasema, "Kama huko nje kuna mwanamume mwenye nguvu, mjukuu wangu ni mzito kwangu."

Baba aliazima mkokoteni wa jirani. Alivuka daraja la Nyali akikimbia, mbao zikigonga chini ya magurudumu, nami nyuma nikisukuma. Walimlaza hospitali muda mrefu. Daktari alimwambia baba siku moja zaidi tusingekuwa na wa kumleta.

Kadzo alirudi amekonda, sikio moja limekufa. Nilimkimbilia njiani nikamwambia, iyaga Kadzo. Akanitazama sana, akanijibu kwa Kiswahili safi, "Hamjambo nyumbani, Karisa?" akanipita. Mwezi ule Junda nzima ilikuwa ikisema tero. Wachuuzi wa samaki walitangaza terooo barabarani, watoto wadogo wanacheka, Bi Riziki anaomba hilu kisimani. Baada ya mwezi wakachoka nayo. Kadzo hakuisema tena hata mara moja.

Leo vijana wana maneno mapya kila wiki, yanapigiwa kelele madirishani mwa matatu, ni ya kila mtu, na hakuna anayekaribia kufa kwa ajili yake. Pengine ni afadhali. Sisi tulikuwa na nchi ya watu wawili, na mlango wake niliufungua mimi, na ningeufungua tena. Kadzo anakaa Bofu sasa, ng'ambo ya Likoni, ana wajukuu, ana kuku. Mwezi uliopita sikuweza kutulia nyumbani, nikavuka feri kumwona. Tukanywa uji. Nikamwuliza kwa upande wa sikio lake zima, kama mzaha, kaa tulikuwa tukimwitaje.

Akanijazia kikombe. "Mambo ya utoto hayo, kaka. Nimesahau."

Alitamka kwa midomo iliyoachana, hata pale penye M. Au nilitamani kuona hivyo. Nina malori saba, nina nyumba ya mawe, na bado sijui kama Kadzo amesahau kweli, au bado anakaa kule Wirandi peke yake.