Muzdalifa Hapigi Kelele

Kosa lilikuwa langu, nalisema mwenyewe kabla Sabra hajalitangaza. Muuguzi Consolatha alinionya: "Mama, huyu hofu imemkaa moyoni. Usimwache peke yake." Mimi, sikio la kufa, nikamweka peke yake shambani aamie ndege.

Muzdalifa ni mjane wa binamu yangu Gharibu, aliyeuawa vitani huko Msumbiji. Alivuka Ruvuma na mtoto mgongoni, akafika kwangu Mahege hamjui mtu. Mpunga ulikuwa unaiva. Nikadhani kukaa kwenye dungu, kile kibanda cha juu ya miti, kutampumzisha. Kazi yenyewe nini? Kugonga debe na kupiga mayowe, basi.

Hakupiga hata siku moja. Huku kwetu ndege wakifukuzwa kwa jirani huhamia kwako. Usipowafukuza, wananenepea kwako kisha wanamrudia. Siku ya tatu Sabra, tuliyepakana naye shamba, akanijia juu.

"Habiba, wifi yako ana mashetani au ana kiburi? Leo akinyamaza tena, namfikisha kwa mwenyekiti. Arudi alikotoka!"

Nikaenda shambani nimefura. Madebe yalikuwa yanalia pande zote. Juu ya dungu hakuna mtu. Nilimkuta chini, kamlalia mwanawe, kiganja kimemziba mtoto mdomo na pua. Macho ya mtoto yalikuwa yamegeuka.

"Muzdalifa! Unamuua!"

"Nyamaza," akaninong'oneza. "Watatusikia."

Nikauvuta mkono wake. Ulikuwa mgumu kama mpini wa jembe. Kila debe lilipolia, aliukaza zaidi. Hapo nikaelewa, na sijapata kuogopa vile maishani mwangu. Nikakimbilia mpakani.

"Sabra, acheni madebe! Acheni, mtoto anakufa!"

Sabra akatupa lake, akawaita wengine. Shamba moja likanyamaza, na la pili, hadi bonde zima likawa kimya. Ndege wakashuka kwenye mpunga wetu, wakala, hakuna aliyewagusa.

Tuliporudi mbio, mkono ulikuwa umelegea. Mtoto akavuta pumzi, akalia kwa sauti yake yote. Muzdalifa akajikunyata, akatazama huku na huku, akingoja.

"Amelia," akasema, "na hawajaja?"

Sabra akaketi palepale topeni, akamfuta mtoto uso kwa ncha ya kanga.

"Mwache alie, wifi. Hapa mtoto akilia, tunaokuja ni sisi."