Dele la Kahawa kwenye Mfereji wa Kiingereza

Bi Nasriya wa mtaa wa Wattaya hakuwahi kwenda mahali polepole. Alifika Maskati kutoka Unguja akiwa bado msichana wa skuli, na tangu siku ile ni mbio tu. Mbio za kukinyoosha Kiarabu wenziwe wasimcheke, mbio za ukunga hospitalini, ambako watoto hawamngojei mtu, na mbio za barabara kuu, ambako yeye, mtu mzima na buibui lake, huwapita vijana wenye magari mapya huku akiwaombea dua. Mumewe Marwan, Mungu amrehemu, alikuwa akipanda naye gari hufumba macho.

Basi watu walicheka waliposikia kuwa binti yake Ibtihal, daktari wa meno huko Uingereza, amemwalika wikiendi ndani ya boti inayokwenda kwa mwendo wa mtu anayetembea.

"Wewe utashuka ukaisukume," shoga yake Maha alimwambia.

Bi Nasriya naye alicheka, lakini moyoni hakuwa na raha. Ibtihal alikuwa amemwambia kwenye simu, "Kuna jambo nataka kukwambia, mama. Ukija tutazungumza." Na mtu aliyezalisha wanawake maisha yake yote anaijua sauti ya anayeficha uchungu. Mtoto alikwenda kusoma, akasema atarudi akimaliza. Alipomaliza, akasema ngoja nipate uzoefu kidogo. Chumba chake cha juu kimeshapakwa rangi mara mbili na hakijalaliwa. Bi Nasriya alitaka jambo moja tu duniani, mwanawe arudi, na alijua kabisa kwamba anaitwa kwenda kuambiwa harudi. Akafungasha dele la kahawa, buni, iliki, tende na halwa kama anayekwenda harusini, na akajiapiza kuwa nafasi ya kulisema hilo hampi.

Boti yenyewe ilikuwa ndefu na nyembamba, imepakwa kijani, na ndani yake jiko, meza na vitanda vimefuatana kama ushanga uliotungwa. Ibtihal alisimama nyuma ameshika mti wa usukani. Mfereji ulikuwa kimya. Miti iliinama mpaka ikagusa maji, na ng'ombe walinyanyua vichwa kutazama nani huyo, kisha wakarudi kwenye majani yao. Baada ya muda Bi Nasriya hakuhisi tena kwamba boti inakwenda. Aliona kama wao wametulia pale pale, na nchi ndiyo inayopitishwa mbele yao taratibu, daraja moja, bustani moja, mtu na mbwa wake, ili waitazame. Usingizi ukamjia bila ya kulala. Alijisemea kwamba lau dunia ingekwenda hivi siku zote, hakuna jambo ambalo lingemfikia mtu kabla hajawa tayari nalo.

"Mama," Ibtihal akaanza.

"Ngoja nkutilie kahawa."

Adhuhuri wakafika kwenye lango la maji. Huko mifereji hupanda vilima. Boti huingia ndani ya chumba cha mawe, milango ikafungwa nyuma yake, maji yakafunguliwa, nayo ikainuka pole pole mpaka usawa wa juu. Wasafiri wenyewe ndio wanaofanya kazi hiyo, na watu hungoja zamu. Ibtihal alishuka kwenda kushughulika na milango, na nyuma yao ilikuwapo boti ya mzee mmoja wa Kiingereza na mkewe. Bi Nasriya hakuweza kuvumilia. Watu wamesimama mlangoni pake na hawajanywa kitu? Akawaendea na dele lake.

Sasa kwao Oman mgeni aliyetosheka hukitikisa kikombe. Asipotikisa hutiliwa tena, na mwenyeji anayeacha kutia kabla ya hapo amejiaibisha. Yule mzee hakuyajua hayo. Alichojua ni kwamba kumkatalia mama wa watu ni utovu wa adabu. Basi huyu anatia, yule anakunywa. Mkewe, mjanja zaidi, alikuwa amekificha kikombe chake nyuma ya mgongo. Mzee akawa mwekundu, jasho likamtoka, na boti nyengine zikaja zikapanga foleni. Mwishowe mkono wake ukaanza kutetemeka kwa kahawa yenyewe, na Bi Nasriya, alipoona kikombe kinatikisika, akamshukuru Mungu na kuliweka dele chini.

Ibtihal alicheka mpaka akakaa chini kwenye majani. Akawaeleza watu wa foleni kisa chote, nao wakacheka pamoja naye, wakataniana kama majirani wa mtaa mmoja. Bi Nasriya alimtazama. Kicheko kile hakukisikia tangu mtoto alipokuwa na mapengo. Kila alipokuja Maskati likizo alikuwa mpole, ananyenyekea kwa kila mtu, na hachafui hata kikombe. Moyo wa mama ukasinyaa, kwani aliyekuwa akimpokea kwa miaka yote ile, sasa aliona, alikuwa mgeni.

Asubuhi ya Jumapili ukungu ulilala juu ya maji. Walisali ukingoni, kisha Ibtihal akamkabidhi mama yake usukani.

"Sukuma kushoto ukitaka kwenda kulia."

Bi Nasriya akashika kwa mikono miwili. Bata maji mweupe alitokea ndani ya ukungu, akapita, akapotea.

"Mama, n'menunua nyumba. Hapa, karibu na mfereji huu. Sirudi."

Bi Nasriya alilitafuta dele kwa macho. Lilikuwa ndani, na usukani akiuachia wanaingia kwenye matete. Mara hii hapakuwa na mgeni wa kumkimbilia.

"Nlijua tangu ile simu," akasema. "Roho inan'uma, Ibtihal, sikufichi. Nlitaka nizeeke nikikusikia unapanda ngazi."

Ibtihal akamwekea kichwa begani, akalia.

"Utan'samehe?"

"Kwani umekosa nini? Hebu usinililie mkononi, mwanangu, kuna kona."

Akaipita kona ile bila ya kugusa ukingo.

Aliporudi Maskati, haukupita muda akaalikwa harusi mtaa wa Sidab. Mwanamke mmoja aliyekaa karibu naye akauliza, kama walivyouliza wengine kwa miaka, "Na Ibtihal je? Bado yuko ugenini?" Siku zote jibu la Bi Nasriya lilikuwa kwamba karibu anarudi, inshallah. Safari hii alilibadilisha.

"Hayuko ugenini," akasema. "Yuko kwake." Machozi yakamtoka mbele za watu, wala hakuyafuta.