Kaka Anunua Mshipi wa Kuvulia Januari

Kaka yangu mkubwa alinitangulia Texas kwa miaka sita, na miaka hiyo ilimtosha kuwa mtaalamu wa kila kitu. Barabara za Dallas alizijua zote, ndiyo maana tulipotea kila Jumapili tukienda kanisani. Alijua matairi, bima na dawa za mafua, ingawa muuguzi katika familia nilikuwa mimi. Kwa hiyo mwenzake wa kazini alipotualika kuvua samaki Januari, katika ziwa kubwa la mpakani na Oklahoma, hakuona haja ya kuuliza mtu chochote. Sisi tumezaliwa Kitui. Huko mto ukiwa na maji, watu hupigiana simu.

Mwenyeji wetu alikuwa mzee Mmarekani, dereva wa forklifti katika ghala la Grand Prairie alikofanya kazi kaka. Alieleza kwamba wakati wa baridi samaki hushuka chini na kuwa wavivu, basi mashua huenda polepole huku ikikokota ndoana nyuma yake. Yeye angeleta mashua na chambo, sisi tulete fimbo za kuvulia na mishipi. Mke wa kaka alialikwa pia, akakataa. Mwanamke ana akili yule.

Tulikwenda kwenye duka la wavuvi lenye dubu aliyekaushwa mlangoni. Kaka alipita kwenye fimbo mia moja hivi, akachagua nyeusi ya kaboni, ngumu kama mpini wa jembe, kwa sababu ya kisayansi kwamba ilikuwa inang'aa. Kisha akachukua mshipi wa kusuka, mwembamba, ambao kwa maelezo yake ungeweza kuvuta lori.

Nilifungua ncha ya mshipi ule nikaupapasa. Miaka ile nilikuwa nikifanya kazi chumba cha upasuaji, na nyuzi nilizishika zaidi ya nilivyoshika kijiko.

"Kaka, uzi wa kusuka hunywa maji," nilimwambia. "Kwenye baridi hayo maji yataganda."

"Hapa hatushoni mtu," akanijibu.

Muuzaji, kijana mpole, alinisikia nikirudia jambo hilo kwa Kiingereza, akakubaliana nami. Akanipa mshipi wa nailoni, ule laini, maana nailoni ngumu ikipata baridi hujikunja kama springi. Akanitafutia na fimbo ya faibaglasi inayopinda kwa urahisi. Alisema mashua tayari inavuta; samaki akiuma na fimbo ikakataa kupinda, mdomo wake huchanika. Kaka alimsikiliza kama mtu anayeuziwa mbuzi wa miguu mitatu. Kisha akaniambia kwa Kiswahili, ili asimwudhi kijana, kwamba hiyo ilikuwa fimbo ya watoto.

Asubuhi ya safari, maji ya ndoo yalikuwa yameganda juu. Kaka alivaa makoti mawili, mikono ikawa haishuki. Nusu saa ziwani ilitosha. Maji yaliyopandishwa na mshipi wake yaliganda kwenye pete za fimbo unamopita mshipi, ukakwama, ukawa hauendi wala haurudi. Akaanza kuzipulizia pete moja moja, karibu na midomo, kwa upole ambao mkewe angependa kuuona. Pete zangu pia zilishika barafu kidogo. Mzee alinifundisha kuitumbukiza ncha ya fimbo ziwani, barafu ikayeyuka.

Baadaye samaki aliuma kwa kaka. Fimbo haikupinda, mshipi haukunyumbuka, na ndoana ikarudi na kipande cha mdomo. Mzee alitazama upande mwingine, akanywa kahawa yake.

Kwangu fimbo ilipinda mpaka nikaogopa, nikauliza nifanye nini.

"Usifanye kitu," mzee alisema. "Iache fimbo ifanye kazi yake."

Nilizungusha kigurudumu cha mshipi taratibu. Akapanda samaki wa mistari, mrefu kama mkono wangu, na kaka ndiye aliyemchota kwa wavu. Tuliendelea kuvua. Hatimaye kaka akasogea karibu nami.

"Huo mshipi wako," aliuliza, "umesema ni wa nini?"

Nilimpa fimbo yangu ya watoto. Akavua wawili, na kwa mara ya kwanza tangu nifike Amerika nilimwona akicheka bila kunieleza kwa nini anacheka.

Jioni tuliwakaanga samaki nyumbani kwa kaka, DeSoto, tukala kwa ugali na sukuma wiki pamoja na watu wa kanisa. Kaka aliwafafanulia jinsi uzi wa kusuka unavyokunywa maji, kosa ambalo wavuvi wengi hulifanya kwa kutojua. Mkewe alinitazama. Nikaongeza sukuma. Mgeni mmoja, Mkongo aliyekulia kwa wavuvi kando ya Ziwa Tanganyika, alimsikiliza mpaka mwisho kwa adabu, kisha akaomba kipande cha mkia.