Punje Chini ya Ngozi

Mtu akifungua gunia la mpunga mpya, vumbi lake likinifika puani, mwili huniwasha kabla hata sijaguswa na mpunga wenyewe.

Tulikuwa shambani, upande wa Mofu, tumemaliza kupiga mpunga, na kila mtu alikuwa akijikuna. Jioni mama alikaa mkekani, akashusha kanga, nikampaka mafuta upande usio na titi. Lilikatwa kwa sababu ya saratani kabla sijaanza kutembea, na nyumbani kwetu ilisemwa kwamba imekwisha. Mimi nilimjua hivyo hivyo, na lile kovu lake nililipenda kwa ulaini wake.

Siku hiyo, pembeni ya kovu, vidole vyangu vilikuta vipele vyekundu, vigumu.

"Mama, punje zimeingia ndani ya ngozi."

"Mpunga huo. Kwani wewe huwashwi?"

"Nawashwa. Na hivi vinawasha?"

"Haviwashi," alisema. "Paka tu, mwanangu."

Tulirudi nyumbani Katindiuka na magunia yetu, tukaoga, muwasho ukatuishia sote. Vipele vya mama vikaongezeka, vikashuka hadi ubavuni. Bibi alipoviona alitoka nje, akaenda kukaa peke yake nyuma ya jiko.

Mimi niliendelea kupaka kila jioni. Mvua zilipoanza, majirani wakaenda kupanda mpunga mwingine, na mama alikuwa bado ananishushia kanga.

"Paka tu," alisema. "Huu wa mwaka jana unachelewa kutoka."